Kompyuta ya Mezani Iliyotumika: Ikague Kabla Hujaipakia kwenye Basi

Anayefungua steshenari Chanika, Handeni, au Manundu, Korogwe, anahitaji mashine itakayowaka saa mbili asubuhi na kufanya kazi mpaka jioni: kuchapa barua, kuprinti mitihani ya shule, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kuingia kwenye mfumo wa Ajira, kutazama matokeo ya NECTA. Kazi hizo hazidai kompyuta mpya. Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre iliyotolewa kwenye ofisi ya ng'ambo inazimudu vizuri kwa bei iliyo chini sana. Tatizo letu ni umbali. Ukinunua Kariakoo na mashine ikagoma siku ya tatu, nauli ya kuirudisha, siku za kufunga duka na mabishano na muuzaji vitaimeza nafuu yote uliyoipata. Kwa hiyo ubovu uuone kabla hujalipa, na ule usioweza kuuona uwe wa kipuri unachoweza kukipata Korogwe au Tanga mjini.

Anza na namba ya prosesa. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5" bado hajakwambia kitu. i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2012. i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya 2018. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi (kuanzia kizazi cha kumi huwa tarakimu mbili). Jambo hili lina uzito sasa kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel Core, inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa mwenye steshenari ningesema bila kusita: ongeza hela, au subiri mwezi mmoja zaidi, uchukue kizazi cha nane. Kwenye kompyuta yako wateja watachomeka flashi zao, wataandika namba za NIDA na nywila zao. Mashine isiyopokea tena marekebisho ya usalama inawaweka hatarini watu waliokuamini. Kwa mwanafunzi nyumbani, kizazi cha nne chenye RAM ya GB 8, diski ya SSD na Linux Mint, ambayo ni ya bure, kinatosha.

Jambo la pili ambalo wengi hawaliulizi ni umbo la kasha na pawa saplai yake. Pawa saplai za kawaida madukani zina plagi ya pini 24 ya kuchomeka kwenye madhabodi. OptiPlex 7010 inaipokea hiyo. Lakini OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6, hivyo pawa saplai ikifa hutachukua yoyote tu dukani. Itabidi utafute adapta au ile ile ya kiwandani. Makasha membamba yana taabu zaidi, maana hata umbo la pawa saplai ni la peke yake. Kabla hujasafiri, mpigie fundi wa karibu nawe, mtajie modeli unayoitaka, umuulize anapata vipuri vya ipi. Simu hiyo ya dakika tano ina thamani kuliko sifa zote utakazopewa na muuzaji.

Ukishapanga siku ya kwenda kukagua, mwombe muuzaji mapema: "Kaka, naomba usiiwashe mpaka nifike." Mashine yenye pawa saplai au madhabodi iliyochoka mara nyingi hugoma kuwaka ikiwa baridi, kisha ikishapata joto hujifanya nzima. Ukikuta kasha tayari lina joto, omba izimwe, mkanywe chai, ndipo muanze.

Kabla ya kuchomeka waya tazama nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kuwa na swichi ndogo kwenye pawa saplai iliyowekwa 115. Ukiiwasha hivyo hivyo unaweza kuiunguza papo hapo. Pawa saplai za miaka ya karibuni huandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe. Soma lebo mwenyewe.

Kisha omba kifuniko kifunguliwe. Muuzaji akikataa, muage kwa heshima uende duka jingine. Ndani tazama kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya madhabodi: vichwa vyake viwe bapa. Kilichotuna au kuvuja uchafu wa kahawia kinakuambia madhabodi hiyo haina maisha marefu. Vumbi lisikutishe, linapulizwa likatoka. Kutu kwenye matundu ya nyuma ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa ni dalili ya unyevu uliokaa.

Iwashe sasa, uingie BIOS kabla Windows haijafunguka: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1. Humo utaona prosesa na RAM kama zilivyo, bila maneno ya mtu. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, usinunue. Huenda ofisi iliyoimiliki haikuiachilia rasmi, huenda imeibwa, na kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo ni ya bei ndogo, itumie kuombea punguzo.

Diski ndiyo ya kukawia nayo zaidi, kwa sababu kazi za wateja zinalala humo. Nenda na flashi yenye programu ya CrystalDiskInfo. Alama ya buluu ni nzuri. Ya njano, achana na diski hiyo hata kama mashine inakwenda mbio. Kwa hadi diski, tazama mistari ya 05 na C5: thamani zake halisi ziwe sifuri. Tazama pia saa ilizofanya kazi. Saa 20,000 ni sawa na miaka 10 ya ofisi inayowasha kompyuta saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Mimi hadi diski ya umri huo naihesabu kama haipo: napatana bei nikiwa tayari nimetoa gharama ya SSD mpya.

Baada ya hapo ipe saa nzima ya kazi. Cheza video ya skrini nzima huku ukinakili mafaili makubwa kutoka kwenye flashi, na usikilize. Ikijizima ghafla, shuku joto au pawa saplai. Windows ikiwa nzito mno, washa kompyuta kwa flashi iliyoandaliwa Linux Mint (F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP): ikienda vizuri hapo, kasoro huenda iko kwenye diski au Windows yenyewe, ikikwama pia, tatizo ni zito zaidi. Wakati saa inakwenda, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, mbele na nyuma, ujaribu sauti na waya wa mtandao. Monita ifungulie ukurasa mweupe kisha mweusi, madoa yajitokeze. Hakikisha plagi zinaoana: kompyuta nyingi za karibuni hazina VGA, na monita nyingi za zamani hazina kingine.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya kasha, na waranti iandikwe kwa siku na itaje nani analipa nauli ya kurudisha. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati ya mauziano mbele ya mtendaji wa mtaa, yenye nakala ya kitambulisho chake.

Kwenye basi, monita ikae kwenye boksi lake na kioo kisigusane na kitu kigumu. Kasha lilazwe, lisibebeshwe mzigo juu. Ukifika ukasikia milio na skrini haina picha, usiogope. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, irudishe mpaka ibane.

Tenga pia hela ya UPS, na uinunue mpya, kwa kuwa betri za UPS zilizotumika huwa zimechoka. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuwasha. Katika siku za waranti ifanyishe kazi kutwa nzima, siyo nusu saa ya majaribio, na kosa lolote liandike kwa tarehe na picha umtumie muuzaji siku hiyo hiyo.