SOMO: KUKOMAA SI KUIVA



Mkulima wa maparachichi hana budi kutenganisha maneno mawili: kukomaa na kuiva. Parachichi hukomaa likiwa mtini, lakini huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa haliivi sawasawa. Husinyaa, huwa gumu kama mpira, na ladha yake huwa ya maji.

Niliwahi kukagua chama kimoja ambacho wanachama wake walimshuku Katibu kwa kuwa malipo yalipungua. Nilipitia leja na stakabadhi zote, nisione senti iliyopotea. Hati ya mnunuzi ndiyo iliyoeleza: sehemu ya shehena ilikataliwa kwa uchanga. Wachache walichuma mapema ili kuwahi bei, na kwa kuwa kreti zilichanganywa, hasara iliwapata wote.

Ukubwa wa tunda si ushahidi wa kutosha. Mparachichi hutoa maua kwa muda mrefu, hivyo matunda ya mti mmoja hayana umri mmoja. Tumieni njia hizi kwa pamoja:

1. Hesabu ya miezi. Andika tarehe ya maua mengi. Tangu hapo hadi kukomaa hupita miezi 6 hadi 12, kulingana na aina ya mti, mwinuko na baridi ya mahali.

2. Ngozi. Tunda changa hung'aa. Likikomaa mng'ao hufifia. Hass hubaki kijani mtini kwa muda mrefu, na kwa kawaida hugeuka jeusi linapoiva. Basi msingoje weusi.

3. Kokwa. Pasua tunda moja. Utando wa kokwa ukiwa mnene na mweupe, ngoja. Ukiwa mwembamba na wa kahawia, tunda limekomaa.

4. Jaribio la kungoja. Chuma matunda matano kutoka miti mbalimbali, uyaweke kivulini ndani ya nyumba. Yakilainika sawasawa kwa muda wa wiki moja hadi mbili bila kusinyaa, anza kuvuna yaliyo sawa nayo.

5. Mizani. Tunda likikomaa, maji hupungua na mafuta huongezeka. Pima gramu 100 za nyama ya tunda iliyokatwa vipande vyembamba, uikaushe kwa moto wa polepole mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 24, kiwango ni 24 kwa mia. Kwa Hass, masoko mengi hutaka kiwango cha chini kati ya 21 na 24 kwa mia. Katibu na aulize masharti ya mnunuzi kabla ya mavuno.

Siku ya kuvuna, kateni kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Msitikise mti, wala msivune matunda yenye umande au mvua.

Katibu aandike katika daftari la mapokezi jina la mwanachama, tarehe na matokeo ya jaribio, na kila kreti iwe na alama ya mwenyewe. Hivyo asiye na kosa hatalipia kosa la mwingine, na Katibu mwaminifu hatatiliwa shaka bure.

Maswali ya kujadili mkutanoni:
(a) Je, ni nani katika chama chetu anayeamua siku ya kuanza kuvuna?
(b) Mzigo ukikataliwa leo, tunaweza kujua umetoka shamba lipi?
(c) Mwanachama mwenye shida ya fedha asaidiwe vipi ili asilazimike kuchuma machanga?

Swali la tatu lisirukwe. Mara nyingi tunda changa huchumwa na mtu anayejua wazi kuwa halijakomaa.