Mama Mtoto Akizidiwa Usiku: Pesa ya Dharura Iko kwa Simu ya Nani?

Tuchukue mfano. Ni saa nane usiku, Kibera, upande wa Lindi. Mama alijifungua siku nne zilizopita na akarudi nyumbani salama. Sasa anatokwa na damu nyingi na hawezi kusimama. Jirani amepata gari. Baba mtoto anaangalia simu yake: salio ni shilingi 85. Pesa waliyoweka pole pole kwa miezi sita ipo, lakini iko kwa laini ya mama, na PIN anaijua mama peke yake.

Hapo shida si kukosa pesa. Pesa imekaa kwa simu ya mtu ambaye sasa hawezi kuibonyeza. Leo tunajifunza jinsi ya kujipanga mapema, na jinsi ndugu na majirani wanavyoweza kusaidia bila pesa kupotea njiani.

Kabla mtoto hajazaliwa

Hatari haiishi mama akitoka hospitali. Inaendelea mpaka wiki 6 baada ya kujifungua, na kutokwa na damu nyingi ni moja ya sababu kuu zinazoua akina mama hapa Kenya. Kwa hivyo pesa ya dharura ikae tayari kwa hizo wiki zote.

Usimpe mtu PIN yako, hata mume. Mimba ikifika miezi minane, tuma sehemu ya akiba kwa laini ya yule atakayekuwa macho: baba mtoto, mama mkwe au dada. Iwe angalau nauli ya gari usiku na pesa ya dawa za kwanza. Mwambie mtu wa tatu kiasi ulichotuma, ili kesho kusiwe na maneno.

Hakikisha pia mama amejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unajiandikisha kwa simu, *147#. Kujiandikisha peke yake hakutoshi. Mchango uwe umelipwa.

Usiku wenyewe: nenda kwanza

Damu ikilowesha pedi ndani ya saa moja, au mama akipata kifafa, homa kali, kupumua kwa shida, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, usingoje harambee. Nenda. Katiba yetu, kifungu cha 43(2), inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Mchango utawakuta mkiwa hospitali.

Mchango: mweka hazina mmoja, mifuko miwili

Baba mtoto yuko wodini, simu inakaribia kuzima, na watu arobaini wanampigia. Mpunguzieni mzigo. Tuseme dada yake anaishi Kawangware, Gatina. Yeye ndiye awe mweka hazina, na namba yake pekee ndiyo itumwe kwa grupu za chama, kanisa au msikiti na ploti. Agawe pesa hivi:

1. Mfuko wa hospitali. Lipa moja kwa moja kwa Paybill ya hospitali, ukiweka namba ya mgonjwa kama akaunti. Soma jina linalotokea kabla ya kukubali malipo. Weka meseji, na uombe risiti.

2. Mfuko wa nyumbani. Kuna mtoto mchanga anayehitaji pampers na labda maziwa, kuna mkubwa wa kwenda shule, na kuna rent. Dukani lipa kwa till, maana mteja hakatwi ada ya kutoa pesa.

Kila jioni atume hesabu fupi kwa grupu:

*"Leo Jumanne. Zimeingia 14,200. Hospitali 9,000. Nyumbani 2,300. Zimebaki 2,900. Mama ameongezwa damu, anaendelea vizuri. Asanteni."*

Meseji kama hiyo inazuia ugomvi mwingi. Watu huchoka kuchanga wasipojua pesa inaenda wapi.

Na kumbuka, damu haitumwi kwa simu. Usiye na pesa, uliza hospitali kama wanahitaji wa kujitolea damu. Au mchukue yule mtoto mkubwa alale kwako.

Angalia matapeli

Ombi la mchango likisambaa, mtu anaweza kulinakili na kubadilisha namba. Kabla ya kutuma, piga simu kwa mtu wa familia unayemjua, si kwa namba iliyo kwenye picha. Ukikosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa.

Bili ikibaki

Usikimbilie mikopo mitatu ya simu kwa usiku mmoja. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia hospitalini akina mama wawili waliojifungua, kwa sababu ya bili, kulivunja haki zao. Deni linabaki deni, lakini linazungumzika. Ona afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, mkubaliane mpango wa kulipa kidogo kidogo, na muombe mpango huo kwa maandishi.

Fanya leo

Kama nyumbani kwako kuna mjamzito au mtoto mchanga, ulizaneni maswali matatu usiku huu: Pesa ya dharura iko kwa simu ya nani? Gari tutaita la nani? Mweka hazina atakuwa nani? Mkijibu yote matatu, mumejipanga.