Namba Iliyosingiziwa Utasa

Namba ndefu ikikutisha, iweke kitini uihoji. Wa leo ni 4,294,967,297.

1. Itamke kwanza. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ulimi ukikwama, rudi ukague koma.

2. Tazama mkia. Inaishia na 7, basi ni witiri na 5 haiigawi. Tena namba nzima ikizidishwa kwa yenyewe, jibu haliishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8. Kwa hiyo hii si mraba. Tarakimu moja, habari tatu.

3. Jumlisha tarakimu zote. Unapata 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Basi namba yetu nayo haigawanyiki kwa 3, achilia mbali 9.

4. Hiki ndicho nikipendacho. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Ikate namba kwenye koma, kisha anzia kulia ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4. Jibu ni hasi 380. Isahau hiyo hasi. 380 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, kwa hiyo hata ile ndefu haigawanyiki. Washukiwa watatu wameachiwa huru, na hesabu yote imeenea nyuma ya risiti ya duka.

5. Jua pa kukomea. Kama namba ina vigawo vingine mbali na 1 na yenyewe, kimojawapo hakizidi kipeuo chake cha pili. Hapa ni 65,536 na chembe. Nafuu, ingawa chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Utakesha.

6. Usihukumu kwa mashahidi watano. Anza na 3: toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1. Unapata 5. Rudia: 17, 257, 65,537. Zote tasa. Rudia tena, ndiyo hiyo yetu. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ukoo mzima ni tasa. Nani angemlaumu?

7. Punguza foleni. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba hiyo "tasa" ina watoto: 641 × 6,700,417. Baadaye akathibitisha kanuni tamu: kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawanya kwa 64, hubakiza 1. Foleni ya maelfu ikageuka kuwa 193, 257, 449, 577, 641. Wa tano akakiri.

Na 6,700,417? Huyo ni tasa, safari hii kweli.