Haibiskasi Mbili: Namna ya Kuzitambua na Kuzipanda

Kila mwanafunzi wa Biolojia analijua ua la haibiskasi, kwani ndilo aletewalo mezani anapojifunza sehemu za ua. Lakini jina hilo moja hubebwa na miti miwili ya bustani, na asiyeitofautisha huchora picha aliyoikariri kitabuni, akaliacha ua aliloshika mkononi. Hapo ndipo alama hupotea. Basi nitaeleza tofauti zake, na jinsi ya kuipanda ili sisi wa Zombo tusihangaike kutafuta maua siku ya mtihani.

Yote miwili ni mifupi, yenye matawi mengi toka chini, na ikipata maji hubaki kijani mwaka mzima. Wa kwanza wataalamu huuita Hibiscus rosa-sinensis. Asili yake ni Asia, na watu wa Malaysia walilifanya ua la taifa lao mwaka 1960. Petali zake 5 ni pana, na ua hutazama juu au upande.

Wa pili ni Hibiscus schizopetalus, na huu ni wa kwetu: asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania hata kaskazini mwa Msumbiji. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliujulisha kwa wataalamu wa Kew, na jina hilo likachapishwa mwaka 1880. Waingereza huliita ua lake kandili ya Kijapani, ingawa halikutoka Japani! Kandili lakini ni kandili kweli: ua huning'inia kwa kikonyo kirefu chembamba, petali zimechanikachanika kama matamvua ya kikoi na kujikunja nyuma, na mrija wa stameni umetokeza mbali chini yake. Tazama pia chini ya sepali. Katika ule wa Asia utaona wazi duara la vijani vyembamba; katika huu wa kwetu ni vidogo mno, hata lenzi yafaa. Ukikuta ua lenye petali zilizochanika nusu tu, usishangae, maana miti hii huzalishwa pamoja ikatoa machotara.

Undani wao ni mmoja. Stameni zimeshikana kuwa mrija uizungukao staili, juu kuna stigma 5, na ovari ina vyumba 5. Mrija huo ni alama ya ukoo: utaukuta katika bamia, choya, na hata pamba, iliyofanyiwa utafiti miaka mingi hapa wilayani kwetu, Ilonga. Ila jihadharini na haibiskasi zenye petali nyingi kama waridi. Hizo ni nzuri mbele ya ofisi, lakini stameni zake nyingi zimegeuka petali, na kwa somo hazifai.

Kupanda si kazi ngumu. Masika yakianza, kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimeta 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani, uache mawili ya juu. Lichomeke kivulini katika udongo uliochanganywa na mchanga, uwe na unyevu lakini usituame maji. Likishika mizizi na kuchipua vizuri, lihamishie juani, nafasi ya mita moja kwa ua wa kuzungushia bustani.

Maua hutokea kwenye machipukizi mapya. Mtihani wa Kidato cha Nne huangukia Novemba, baada ya kiangazi kirefu. Kwa hiyo mwenye kupogoa Oktoba amejinyima maua mwenyewe. Pogoeni mapema, kisha mwagilieni Septemba na Oktoba. Wadudu weupe kama pamba wakionekana kwenye vikonyo, kateni ncha hizo mzichome moto. Ua lifungukalo asubuhi kwa kawaida hunyauka jioni, basi lichumwe asubuhi ileile ya somo. Mwaka ambao maua yamekosekana kabisa, nendeni kwenye shamba la bamia kabla jua halijawa kali: ua lake ni la manjano, na mrija wa stameni umo.