Shomaje: Siku Ambazo Hakuna Kazi, Nani Atalipa?



Katika masomo ya uraia tumekutana na neno shomaje mara nyingi, na kila mara tunapita haraka. Tunaambiwa kwamba katika inchi zingine mutu akipoteza kazi pasipo kosa lake, sanduku la taifa linamulipa kila juma ao kila mwezi mpaka apate kazi ingine. Hapa Lubumbashi tukisikia vile tunacheka, kisha tunanyamaza, juu kila mumoja wetu iko na shomeri kwao. Basi sisi wa darasa la mwisho tumeona vizuri kulitazama jambo hili polepole.

Tuanze na sheria yetu. Sanduku la wafanyakazi liliundwa mwaka 1961 kwa jina la INSS, na leo linaitwa CNSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu matawi matatu: msaada kwa jamaa, hatari za kazi, na pensheni. Mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mushahara, na bwana kazi anaongeza 13. Kwa hiyo mutu akivunjika mukono kazini, sheria inamujua. Akizeeka, inamujua. Lakini akifika asubuhi na kukuta mulango wa kampuni umefungwa, hapana tawi linalomuhusu. Kunako pia ONEM, iliyoundwa mwaka 2002, ambayo inaandika majina ya watu wanaotafuta kazi. Kule Ubelgiji iko ofisi yenye jina lile lile, ONEM, na ile njo inasimamia malipo ya mashomeri. Herufi ni zile zile, sanduku ni ingine!

Sasa tufike kwetu. Gécamines, tangu iliposhika mali ya Union Minière mwaka 1967, haikuwa kampuni ya mushahara tu. Ilikuwa nyumba, hospitali, masomo, na mposho wa unga kila mwezi. Mwaka 1986 ilitosha karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, vurugu za miaka ile zikafuata, vyombo vikachakaa, na mwaka 2003 kampuni haikufika hata tani 20,000. Wafanyakazi walikuwa wakienda kazini bila kulipwa. Wengine walidai mishahara ya zaidi ya miaka miwili. Hapo ndipo serkali, pamoja na feza za Banki ya Dunia, ilileta mupango ulioitwa départ volontaire, maana yake kuondoka kwa kupenda mwenyewe. Ulikuwa kwa wale waliotumika miaka 25 na zaidi. Watu 10,655 waliondoka, karibu nusu ya wafanyakazi wote. Feza zilizotolewa zilipita kidogo milioni 40 za dola.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Ukigawanya sawasawa, kila mutu anapata karibu dola 4,000. (Hawakupata sawa; wengine walipata kidogo sana, wengine mara nyingi zaidi.) Kwa mutu wa miaka 25 ya kazi, ni kama dola 160 kwa kila mwaka aliotumika. Tuseme sasa nyumba yake inatumia dola 150 kwa mwezi, na hana deni hata moja, jambo ambalo haliwezekani kwa mutu asiyelipwa miaka miwili. Feza zitaisha katika mwezi wa 27. Na watoto wake wanasoma kwa feza, na akiugua analipa, kwa sababu hospitali ya kampuni si yake tena.

Wengine walinunua teksi, wengine mashini ya kusaga, wengine walienda kulima. Walikuwa mafundi wa kuyeyusha shaba ao wa umeme, hawakuwa wafanyabiashara. Na tukumbuke kwamba waliuza vitu kwa majirani ambao nao hawakuwa na feza.

Ugomvi wa siasa ulianzia pale. Walioondoka walijikusanya, wakasema hesabu haikufuata mapatano ya kazi, na kwamba walichopewa ni sehemu tu ya haki yao. Mwaka 2009 malalamiko yao yalifika mpaka kwenye Kamati ya Uchunguzi ya Banki ya Dunia, Washington. Wanadai bado kulipwa ya kubakia. Kwa upande mwingine jibu lilikuwa fupi: ulisinie wewe mwenyewe. Neno lile «kwa kupenda» lilibeba uzito wote. Lakini mutu ambaye hajalipwa miezi 24, ukimuwekea feza kidogo mezani pamoja na karatasi, anapenda ama analazimishwa? Bazee wa kampi wanalijibu vizuri kuliko sisi: «Miye sikuacha kazi, kazi njo iliniacha.»

Wakati ule ule wa malalamiko, dunia nzima ilikuwa na taabu. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba ilikaribia dola 9,000. Mwisho wa mwaka ilishuka chini ya 3,000. Kampuni nyingi za Katanga zilisimamisha kazi, na watu wao wakarudi nyumbani mikono mitupu. Marekani nako watu walipoteza kazi kwa mamilioni. Lakini kule majimbo mengi yalikuwa yakilipa majuma 26, na Kongresi ikaongeza, ikaongeza tena, mpaka majuma 99 fasi zingine. Walipigana sana juu ya kuongeza kule. Wengine walisema feza hizi zinafundisha watu uvivu na zinaongeza deni la taifa. Wengine wakajibu kwamba kazi zenyewe hazipo. Nyongeza ilikatika mwisho wa Desemba 2013, na watu karibu milioni 1.3 wakakosa malipo kwa siku moja. Mwezi wa Aprili 2014 Seneti ilikubali kuirudisha, lakini nyumba ya pili ya bunge haikupiga kura hata kidogo. Ubelgiji vilevile, mwaka 2025, ilipitisha sheria ya kufunga malipo baada ya miaka miwili, na wafanyakazi waligoma. Wao wanagombania juma la mwisho. Sisi juma la kwanza hatujalipata.

Katika kanisa pia mabishano haya yapo. Wenye kukataa wanapenda 2 Watesalonika 3:10. Musome vizuri: Paulo anasema juu ya mutu asiyetaka kufanya kazi, hasemi juu ya asiyeipata. Kisha mufungue Mathayo 20. Wale waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja waliulizwa sababu, wakajibu kwamba hakuna aliyewaandika. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwapa mushahara wa siku nzima, na waliotangulia wakanung'unika, sawa na katika Kongresi.

Hata hivyo tusidanganyane. Sanduku la shomaje linataka watu wa kulijaza, na wazazi wetu wengi leo wanauza sokoni, wanaendesha pikipiki, wanachimba bila kontra. Hapana mushahara wa kukata. Wenye kontra wakilipa peke yao, sanduku litasaidia wenye kontra peke yao, na mama anayeuza makala atabaki nje. Hapa sisi wenyewe hatukupatana: wengine wanasema tuanze na hao wachache, wengine wanasema hiyo ni kuongeza ukuta.

Kwa mazungumzo ya Jumamosi, kila mumoja aulize nyumbani: kama wangekata 1 kwa mia zaidi kwa ajili ya siku zisizo na kazi, mungekubali? Na wale wasio na mushahara, wangeweza kuweka nini, na kumupa nani awatunzie? Musilete majina ya watu. Andikeni majibu tu, na feza kwa franka.