Breki za lori: zimekwisha kweli?

Fundi akisema breki za upepo zimekwisha, kagua haya kabla ya kutoa hela:

1. Weka vigingi kwenye matairi kabla ya kuingia chini ya lori.
2. Breki ikichelewa kushika, anza na ajasta. Mara nyingi imelegea tu.
3. Sikiliza upepo unaovuja.
4. Pima lainingi palipolika zaidi. Ikikaribia milimita 6, badilisha.
5. Lainingi iliyolowa grisi usiioshe kwa petroli. Badilisha, pamoja na sili iliyovuja.
6. Badilisha pande zote mbili za ekseli, lori lisivute upande.

Ukibaki na shaka, usiteremke mlima mkali kama Kitonga na mzigo.