Bibi Alipojibu "Ndiyo"

Katika somo la mawasiliano twafundishwa kwamba yapo mambo matano: msemaji, ujumbe, njia ya kuupeleka, msikilizaji, na jibu linalorudi kwa msemaji. Manne ya kwanza niliyashika upesi. Hilo la tano nililidharau, hata nikaja kufundishwa na bibi yangu kule nyumbani Kwashemshi, Wilaya ya Korogwe.

Mwisho wa likizo bibi alipewa vidonge, na juu ya bahasha pameandikwa 1 x 3, yaani kimoja kwa wakati, mara tatu kwa siku. Nami begi liko mkononi, pikipiki yanguruma nje, nikamsomea mbio mbio: "Bibi, kimoja, mara tatu. Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mjukuu wangu." Nikaenda zangu shuleni.

Basi kila asubuhi bibi akawa anameza vitatu kwa pamoja. Siku ya tatu alishikwa na kizunguzungu, akaanguka uani, na mjomba akapiga simu kwa mwalimu wa zamu. Ashukuriwe Mungu, hakuvunjika.

Kosa lilikuwa wapi? Bibi si kiziwi, na Kiswahili anakijua vizuri, ingawa nyumbani twasema Kisambaa. Lakini swali langu lilikuwa na jibu moja tu. Mzee gani atamwambia mjukuu wa kidato cha nne, tena mwenye haraka, kwamba hakuelewa? Ndiyo yake ilikuwa ya kuniaga, nami nikaihesabu kuwa ya kufahamu.

Hata wataalamu hukosa. Tarehe 27 Machi, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, watu 583 wakafa. Sababu mojawapo ni maneno mafupi ya redioni, ambayo rubani na mwongozaji wa ndege waliyafahamu mbalimbali. Leo rubani akipewa ruhusa ya kuruka hasemi "ndiyo" tu. Huyarudia maneno yenyewe, na mwongozaji husikiliza kama yamerudi sawasawa.

Likizo iliyofuata sikumwuliza bibi kama ameelewa. Nilisema, "Bibi, hebu nionyeshe utakavyovimeza." Akachukua punje tatu za mahindi, akaziweka mbalimbali mkekani: asubuhi, mchana, usiku. Kisha akanitazama. "Na wewe, nimekutuma nini dukani?"

Nikasema chumvi. Alikuwa amenituma kibiriti.